Mcheza Kwao Hutuzwa na Nani?

Wahenga wetu walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hii tumefundishwa tangu madarasa ya chini, nasi huikariri kama mtoto akaririvyo mbili mara mbili, pasipo kusita kuuliza kama ni kweli. Nakuomba, msomaji, usite leo. Nathubutu kusema kwamba katika miji mingi ya ulimwengu huu methali hiyo ni deni lisilolipwa. Mcheza kwao aghalabu hachezi akatuzwa; hucheza akachekwa. Siku atakapotuzwa ugenini, wale wale waliomcheka ndio watakaotangulia mbele ya msafara wakipiga vigelegele. Kosa hili si la mchezaji. Ni la watazamaji. Na kwa kuwa wengi wetu tu watazamaji kuliko tulivyo wachezaji, shitaka hili latuhusu sisi.

Sitaleta ushahidi wa kubuni. Nitaleta habari ya vijana wanne, mji mmoja na sahani moja ndogo ya santuri, mambo yaliyotokea Australia mwaka 1976. Huenda ukauliza, yatuhusu nini sisi mambo ya Australia? Yatuhusu kwa sababu ni rahisi kuuona upele katika uso wa jirani kuliko katika uso wetu wenyewe. Tukisha kuutambua kwake, hatutashindwa kuutambua tutakapojitazama kiooni.

Mji wenyewe ni Brisbane, makao makuu ya jimbo la Queensland, katika upande wa mashariki wa nchi ile. Ulikuwa mji mkubwa kwa wingi wa watu, lakini wenyeji wa Sydney na Melbourne waliuhesabu kuwa kijiji kilichonenepa. Jimbo lilitawaliwa na Joh Bjelke-Petersen, aliyeshika uwaziri mkuu wa Queensland tangu Agosti 1968 hadi Desemba 1987. Mipaka ya uchaguzi ilikuwa imepangwa hata kura ya mtu wa mashamba ikawa nzito kuliko kura ya mtu wa mjini. Mwaka 1971 timu ya raga ya Afrika Kusini, wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi, ilipozuru Queensland na wananchi wengi wakataka kuipinga, serikali hiyo ilitangaza hali ya hatari kwa muda wa mwezi mmoja ili michezo iendelee. Mwezi wa Septemba 1977 ikatangaza kwamba maandamano ya kisiasa barabarani hayataruhusiwa tena. Polisi walikuwa na nguvu nyingi na hofu ndogo. Baadaye uchunguzi uliosimamiwa na Tony Fitzgerald, ulioanza 1987 na kutoa ripoti yake 1989, ulidhihirisha kwamba rushwa ilikuwa imepanda ngazi mpaka kwa mkuu wa polisi mwenyewe, naye akahukumiwa kifungo mwaka 1991. Katika mji wa namna hiyo kijana mwenye nywele ndefu na gita begani alikuwa mtuhumiwa kabla hajafungua kinywa.

Nje kidogo ya Brisbane, upande wa kusini-magharibi, uko mtaa uitwao Inala. Nyumba zake nyingi zilijengwa na serikali baada ya vita vikuu vya pili kwa ajili ya watu wenye kipato kidogo. Huko ndiko alikokulia Chris Bailey, kijana ambaye, utastaajabu kusikia, alizaliwa Nanyuki, hapa hapa Kenya. Wazazi wake walikuwa watu wa Ireland ya Kaskazini, naye alikaa Belfast hadi umri wa miaka saba, ndipo jamaa yake ikahamia Australia. Rafiki yake Ed Kuepper alikuwa mzaliwa wa Bremen, Ujerumani. Wa tatu alikuwa Ivor Hay. Walifahamiana wangali wanafunzi, kama ulivyo wewe leo, na baina ya miaka 1973 na 1974 wakaunda bendi, wakaiita The Saints, yaani Watakatifu. Bailey aliimba, Kuepper akapiga gita, Hay akapiga ngoma, na baadaye Kym Bradshaw akaingia kupiga gita la besi.

Muziki wao ulikuwa wa namna gani? Ulikwenda mbio kama gari lililokatika breki mteremkoni. Gita liliunguruma bila kupumzika, na mwimbaji aliyaburura maneno kama mtu asiyejali kama unampenda au humpendi. Muziki wa aina hiyo ulikuja kujulikana ulimwenguni kwa jina la panki. Lakini vijana hawa walipoanza hakukuwa na kundi lolote mjini mwao la kuwaonyesha njia, wala fasheni ya kuifuata. Waliutengeneza kutokana na santuri za zamani walizozipenda, na kutokana na joto, ukimya na uchovu wa mtaa ambao haukuwa na jambo la kuwafanyia vijana wake.

Sasa tazama mji ulivyowapokea. Wenye kumbi walitaka bendi za kuiga nyimbo zilizokwisha kuvuma kwingine, ili wanywaji wasisumbuliwe na jambo jipya. Bendi iliyoimba nyimbo zake yenyewe, tena kwa kishindo kile, ilikuwa hasara. Basi vijana wakakosa mahali pa kupiga. Walifanya nini? Waliigeuza nyumba waliyokuwa wakikaa, katika barabara ya Petrie Terrace, ikawa ukumbi wao, wakaupa jina la Club 76. Mji uliwanyima baraza, nao wakaifanya sebule kuwa baraza.

Mwezi wa Juni 1976 wakaingia katika studio ndogo ya mjini iitwayo Window, pamoja na mtayarishaji Mark Moffatt, wakarekodi nyimbo mbili. Wimbo wa mbele uliitwa kwa Kiingereza I'm Stranded, yaani Nimekwama. Hapakuwa na kampuni ya santuri iliyowataka. Kwa hiyo wakajitungia chapa yao wenyewe, wakaiita Fatal, wakalipia kazi ya kutoa santuri 500 tu, ndogo, zenye wimbo mmoja kila upande. Septemba 1976 santuri hizo zikatoka. Wakazifunga wenyewe na kuzipeleka kwa posta kwa magazeti na vituo vya redio, nyingine nchini mwao na nyingine ng'ambo.

Hesabu tarehe pamoja nami, kwa maana tarehe hazina upendeleo. Ni kweli kwamba bendi ya Ramones ya New York ilikuwa imekwisha kutoa santuri zake mapema mwaka ule ule. Lakini huko London, mji uliokuja kujitwalia sifa ya kuwa kitovu cha panki, santuri ya kwanza ya bendi ya The Damned ilitoka Oktoba 1976, na ile ya Sex Pistols ikatoka Novemba. Vijana wa Inala, katika jimbo lililodharauliwa hata na nchi yao wenyewe, walikuwa wamewatangulia. Hawakuwa waigaji. Walikuwa mbele ya mji ule ambao watu wao waliutazama kila siku ili kujua lipi jema na lipi baya.

Je, Australia ilisema nini juu ya santuri hii? Haikusema neno la maana. Kampuni zake kubwa hazikutikisika, na vituo vya redio vya biashara havikuona sababu ya kuipiga. Ndipo nakala moja ikafika London, mkononi mwa mwandishi wa gazeti la muziki liitwalo Sounds. Mwandishi huyo akaisifu kupita kiasi, akaitangaza kuwa ndiyo santuri bora ya wiki ile na ya wiki zote. Baada ya hapo mambo yakageuka. Makao makuu ya kampuni ya EMI mjini London yakapeleka habari kwa tawi lake la Sydney kwamba bendi hiyo itafutwe na ipewe mkataba. Hebu fikiri, msomaji! Sydney na Brisbane ni nchi moja, lakini habari za kijana wa Brisbane zililazimika kuvuka bahari kwenda Ulaya na kurudi, ndipo zikafika Sydney. Naam, mlango ulikuwa karibu. Sikio ndilo lililokuwa mbali.

Desemba 1976 wakarekodi santuri ndefu kwa siku mbili tu, nayo ikatolewa Februari 1977. Mwaka huo huo wakahamia kwanza Sydney, kisha London. Brisbane ikabaki na sebule tupu katika Petrie Terrace.

Hapa ndipo wengi hupenda kuimaliza hadithi hii, tena kwa furaha. Husema, tazameni vijana wa kijijini walivyogunduliwa! Mimi naichukia sana hadithi ikisimuliwa hivyo, na nitasema kwa nini. Neno hilo, kugunduliwa, ni la matusi. Mto hauanzi kutiririka siku mgeni alipouandika katika ramani yake. Wanaokaa kando yake walikuwa wakiyanywa maji yake tangu zamani. Vivyo hivyo wimbo ule haukuwa mzuri zaidi baada ya kusifiwa London kuliko ulivyokuwa mwezi wa Juni ulipotoka studioni. Mikwaruzo ilikuwa ile ile, sauti ile ile, vijana wale wale. Kilichobadilika ni ruhusa. Watu walipewa ruhusa ya kuupenda. Nami nauliza: mtu mzima mwenye masikio mawili atangoja ruhusa ya nani ili apende au achukie sauti ipigwayo mlangoni pake?

Najua wako watakaonipinga, na ni haki yao. Mmoja atasema, bila London vijana hawa wangalipotea, basi yafaa tuishukuru London badala ya kuwalaumu watu wa kwao. Namjibu hivi. Ni kweli wangaliweza kupotea, na hiyo ndiyo aibu ninayoisema. Mtu akimwokota mtoto wako shimoni utamshukuru, lakini ukisha kumshukuru lazima uulize ni nani aliyeliacha shimo wazi, na wewe ulikuwa wapi mtoto alipolia. Shukrani haifuti swali.

Tena tazama London iliwatendea nini baada ya kuwasifu. Walifika na nywele zao ndefu na nguo zao za kila siku. Waliwakuta vijana wa mji ule wamekwisha kufanya panki kuwa sare, na magazeti yakawaona wageni hawa si wapanki wa kutosha, kwa kuwa nywele zao hazikuwa za namna iliyokuwa ikipendwa msimu ule. Julai 1977 wimbo wao mwingine ulipanda hadi nafasi ya 34 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa Uingereza. Wao hawakutaka kurudia jambo moja milele. Wakaongeza tarumbeta na mitindo mingine katika muziki wao. Mauzo yakapungua, na mwishoni mwa 1978, baada ya santuri yao ndefu ya tatu, kampuni ikaachana nao na bendi ya awali ikavunjika. Miaka miwili tu, msomaji! Sifa ya ugenini ilikuja kama mvua ya mawe, ikapiga mabati kwa kishindo, ikaondoka. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mgeni anaweza kukusifu, lakini hawezi kukulea, maana ana watoto wake na macho yake hupenda kilicho kipya.

Wa pili atasema, muziki ule ulikuwa kelele tu, na watu wa Brisbane walikuwa na haki ya kuukataa. Hapa sitabishana kuhusu ladha. Sikulazimishi kuupenda. Mtu aweza kuusikiliza wimbo huo kwa makini na kusema kwamba haumfai, na neno lake likawa halali. Ninachokipinga ni kukataa bila kusikiliza. Anayeisikiliza kazi na kuikataa amemtendea msanii haki, kwa kuwa amempa hukumu. Anayegeuza uso kwa sababu tu msanii ni mtoto wa jirani hakutoa hukumu yoyote. Ametoa dharau. Na uthibitisho kwamba Brisbane haikuhukumu bali ilidharau ni huu: London iliposema ndiyo, watu walewale waliosema ni kelele hawakusimama kuitetea hukumu yao. Waliibadilisha. Hukumu ya kweli haigeuzwi na posta ya ndege.

Wa tatu atasema, jihadhari, utatufundisha kusifu kila cha kwetu hata kikiwa kibovu. La hasha! Kusifu bila kupima ni ukiziwi wa aina nyingine. Mama amwambiaye mtoto kwamba kila wimbo wake ni mzuri humharibu sawasawa na yule amwambiaye kwamba kila wimbo wake ni mbaya, kwa sababu wote wawili hawakuusikiliza. Sikuambii, msifu mcheza kwenu. Nakuambia, mtazame. Mtazame kwa jicho kali kama utakavyo, lakini liwe jicho lako.

Nisingependa udhani kwamba Brisbane yote ilikuwa viziwi. Walikuwako waliosikiliza, na matunda yao yalidumu kuliko ya London. Tarehe 8 Desemba 1975 kituo cha redio kiitwacho 4ZZ, baadaye 4ZZZ, kilianza kutangaza kutoka Chuo Kikuu cha Queensland. Kilianzishwa na wanafunzi na rafiki zao waliochoka na magazeti na redio zisizoyasema yaliyokuwa yakitendeka barabarani. Pamoja na habari, kituo hicho kiliwapa nafasi wanamuziki wa mjini na kuandaa dansi zao, ijapokuwa polisi walizoea kuja kuzizima. Hakikuwa na fedha nyingi. Kilikuwa na masikio. Mwaka 1988 viongozi wapya wa chama cha wanafunzi walijaribu kukifukuza chuoni, wakashindwa kukinyamazisha. Kikahamia kwingine, na hata leo kinatangaza.

Vilevile mwishoni mwa 1977 wanafunzi wawili wa chuo hicho, Robert Forster na Grant McLennan, waliunda bendi iliyoitwa The Go-Betweens. Muziki wao ulikuwa mpole kuliko ule wa The Saints, lakini walikuwa wamekwisha kuona kwa macho yao kwamba kijana wa Brisbane aweza kutoa santuri bila kuomba idhini ya Sydney. Mwaka 1978 wakatoa ya kwanza yao katika chapa ndogo ya mjini humo. Angalia jinsi mbegu inavyofanya kazi. Santuri 500 si kitu sokoni. Lakini kwa kijana mmoja aliyekaa chumbani akidhani kwamba mambo makubwa hutendeka kwingine tu, santuri moja iliyotoka mtaa wa pili ni ushahidi ambao hakuna awezaye kuukanusha.

Na watawala wa mji je? Wao waliendelea na usingizi wao. Juu ya kilima kimoja cha Brisbane palikuwa na ukumbi mkubwa wa dansi uitwao Cloudland, ambao mamia kwa mamia ya wazee wa mji walichumbiana ndani yake, na ambao Buddy Holly wa Marekani aliimba ndani yake mwaka 1958. Usiku mmoja wa Novemba 1982, kabla ya mapambazuko, wabomoaji walikuja na mashine wakauangusha bila kibali. Watu walipoamka walikuta kifusi. Mji usiojua thamani ya sauti zake hauwezi kujua thamani ya kuta zilizozihifadhi.

Leo mambo yamegeuka, kama yanavyogeuka sikuzote wakati haugharimu tena kitu. Mwaka 2007 wimbo ule wa vijana wa Inala uliingizwa katika orodha ya taifa ya sauti za Australia zinazopaswa kuhifadhiwa. Mwaka 2010 Brisbane ilifungua daraja jipya juu ya mto wake, likapewa jina la Go Between kwa heshima ya bendi ile ya pili. Grant McLennan hakuliona; alikuwa amekufa tangu 2006. Chris Bailey alifariki Uholanzi mwezi wa Aprili 2022, mbali na Inala, na mbali zaidi na Nanyuki. Sikatai madaraja, wala siyadharau makumbusho. Ila nasema kwamba daraja ni malipo rahisi. Halimdai mtu ujasiri wowote. Ujasiri ulitakiwa mwaka 1976, wakati ambapo kuisimamia bendi ile kulimaanisha kuchekwa na majirani na kuandikwa jina na polisi. Kumtuza mchezaji baada ya ulimwengu mzima kumtuza si kumtuza. Ni kujipachika katika picha.

Sasa narudi kwako, msomaji wa Kenya. Niliposema kwamba Bailey alizaliwa Nanyuki, huenda moyo wako uliruka kidogo, ukasema, kumbe ni wetu! Uchunguze mruko huo. Jana hukumjua. Leo umeambiwa kwamba alivuma ng'ambo, mara unataka kumdai. Huo ndio ugonjwa wenyewe ninaouzungumzia, na umeushika ukiwa umekaa kitini unasoma. Nanyuki haikumfundisha gita wala Kenya haikumpa ukumbi, na haifai tujivike taji tusilolifuma. Badala ya kumdai aliyekwisha kufa akiwa na jina, tafuta aliye hai asiye na jina. Yuko Nanyuki hivi leo. Yuko Busia, yuko Voi, yuko Garissa. Labda yuko nyuma ya bweni lako akipiga gita la mkebe, na wenzako wanamzomea kwa sababu haimbi kama wale wanaosikika redioni.

Utasema, mimi ni mwanafunzi tu, sina kampuni wala kituo cha redio, nitamfaa nini? Utamfaa kwa mambo matatu, na hakuna hata moja lihitajilo utajiri.

La kwanza, msikilize mpaka mwisho. Ni jambo dogo kulisema na gumu kulitenda, kwa kuwa sikio lililozoea kuamriwa huchoka upesi linapoachwa lihukumu peke yake. Ukisha kumsikiliza, mwambie ukweli. Kama ni vizuri, mwambie ni wapi. Kama ni vibaya, mwambie pia ni wapi.

La pili, mlipe. Akiweka kiingilio cha shilingi chache, toa shilingi hizo, wala usipite dirishani kwa kuwa mlisoma darasa moja. Ajabu yetu ni kwamba twalipa bei kamili kwa mgeni, na kwa mwenzetu twaomba bure kwa jina la udugu. Udugu wa namna hiyo humfukuza ndugu. Vijana wa Petrie Terrace hawakuihama Brisbane kwa kuichukia tu. Mtu hawezi kuishi kwa kupiga muziki sebuleni mwake.

La tatu, andika. Andika jina lake, tarehe, mahali, na nyimbo alizoziimba, hata kama ni katika daftari la shule. Sifa za London zilidumu kwa sababu ziliandikwa, na maneno ya waliosikiliza sebuleni yalisahaulika upesi kwa sababu wengi hawakuandika. Tusipoandika sisi, ataandika mgeni, nasi watoto wetu watasoma habari zetu kwa kalamu yake na kuamini kwamba yeye ndiye aliyetugundua.

Wahenga hawakukosea. Mcheza kwao hutuzwa: walikuwa wakiwaeleza watu walioketi uwanjani wajibu wao, na kumpa mchezaji ahadi iliyotolewa kwa niaba yetu. Ahadi hiyo hailipwi na EMI wala na gazeti la London. Inalipwa na wewe, jioni ya leo, uwanjani penu, kabla hujajua kama anayecheza atakuja kuwa mtu mashuhuri au hatakuwa.